Sampla ya kale, laptopu ya leo: Jenga daraja mwenyewe kabla sauti hazijafutika

TUSEME binamu yako mkubwa, yule aliyekuwa akichapa biti enzi zake, anahama nyumba. Anakuachia mzigo ambao hakuna mwingine anautaka: sanduku la chuma lililoandikwa Akai S950, pamoja na kasha la flopi thelathini hivi. Kila flopi ina maandishi ya kalamu. "Ngoma 3." "Bezi." "Sauti ya shosho."

Unaangalia nyuma ya mashine. Matundu ni mengi, lakini hakuna hata moja linaloingiana na laptopu yako. Hakuna USB wala Bluetooth. Rafiki anakuambia, "Mse, peleka kwa watu wa vyuma vikuukuu upate doo kidogo."

Ngoja kwanza. Mashine hiyo haijafa, imekosa tu mlango wa kuongea na tarakilishi za leo. Mlango huo unaweza kuujenga mwenyewe mezani kwako, kwa vipuri vidogo vidogo. Kinachokufa kweli ni zile flopi, na kila mwaka unaopita unazidi kuzimaliza. Kwa hivyo kabla hujawaza biti yako mpya, kuna kazi ya uokoaji ya kufanya.

Mashine yenyewe ni ya nini?

Sampla hunasa kipande cha sauti: mpigo wa ngoma, neno moja la mwimbaji, sekunde mbili za santuri. Kisha hukuwezesha kukicheza kipande hicho kama unavyocheza kinanda, juu au chini, haraka au polepole. E-mu SP-1200 ilitoka mwaka wa 1987, ikiwa na nafasi ya takriban sekunde 10 tu za sauti. Mwaka uliofuata Akai ilitoa S950, na pia MPC60 iliyobuniwa na Roger Linn.

Zote tatu ni za biti 12. Maana yake ni kwamba kila chembe ya sauti hupimwa kwa ngazi 4,096, ilhali sauti ya CD, ambayo ni ya biti 16, ina ngazi 65,536. Kwa hesabu hiyo mashine hizi ni duni. Kwa masikio, upungufu huo ndio utamu wenyewe: ngoma hutoka nzito na zenye mikwaruzo kiasi. Maprodyusa wa hip-hop wa New York kama Pete Rock waliziunganisha SP-1200 na S950 zikafanya kazi pamoja. Naye J Dilla wa Detroit, aliyefariki mwaka wa 2006, aliacha MPC3000 ambayo sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, jijini Washington.

Utaniuliza, si kuna programu za kuiga sauti hiyo? Zipo, na nyingine ni noma. Lakini hakuna programu ya kuiga itakayokusomea flopi ya binamu yako.

Anza na stima, si muziki

Kabla hujachomeka chochote ukutani, soma kibandiko kilicho nyuma ya mashine. Stima yetu Kenya ni volti 240. Sampla iliyouzwa Japani huenda ni ya volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja tu, na hautakuwa wa ngoma. Tafuta transfoma ya kupunguza umeme inayolingana na mashine yako.

Na kama unahitaji kufungua kifuniko, jua kuwa kapasita za sehemu ya umeme zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Hapo usijitie ushujaa. Muite fundi wa elektroniki anayejua kazi yake, umtazame akifanya, ujifunze.

Okoa flopi kwanza

Flopi ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku. Ikikaa miaka mingi mahali penye unyevu, huota ukungu. Ukiiingiza hivyo kwenye mashine, kichwa cha kusomea kinaweza kuukwangua unga pamoja na sauti yako. Kwa hivyo ifungue kile kidirisha cha chuma taratibu, uangalie. Ukiona madoa, iweke kando.

Iliyo safi, sogeza kile kibati kidogo cha pembeni hadi uone tundu wazi. Tundu likiwa wazi, flopi haiandikiki. Na mashine ikikuuliza kama unataka kuipangusa upya, jibu ni hapana. Kila mara.

Sasa kuna mtego. Utapata madukani kisomeo cha flopi cha USB, na utadhani umemaliza kazi. Hapana. Visomeo hivyo kwa kawaida huelewa flopi za tarakilishi za kilobaiti 720 au megabaiti 1.44, zilizogawanywa katika vipande vya baiti 512. S950 hutumia vipande vya baiti 1,024, na flopi yake hubeba kilobaiti 800 au 1,600. Laptopu itakwambia flopi imeharibika, kumbe ni nzima.

Dawa yake inaitwa Greaseweazle, kifaa kilichobuniwa na Keir Fraser na kuachiwa umma bila malipo. Toleo lake la kwanza lilitengenezwa kwa bodi ndogo iitwayo Blue Pill. Unakiunganisha na kisomeo cha kawaida cha flopi kutoka kwa tarakilishi kuukuu kwa waya bapa wa pini 34, kisha upande wa pili unaenda USB. Badala ya kubishana kuhusu vipande, kinasoma mabadiliko ya sumaku yenyewe. Programu yake ina mipangilio iliyo tayari kwa Akai: akai.800 na akai.1600.

Unachopata ni faili moja iliyo nakala kamili ya flopi. Programu ya bure iitwayo akaiutil inaweza kuifungua nakala hiyo na kukutolea sauti kama faili za WAV. Weka nakala mahali pawili, mojawapo nje ya laptopu.

Anza na flopi usiyoijali sana. Ile ya shosho iache hadi mkono uwe umezoea.

Kisanduku cha MIDI cha kujitengenezea

Sauti zikishakuwa salama, sasa tuifanye mashine ifuate laptopu. Hapa tunatumia MIDI, lugha ya vyombo vya muziki iliyoanza kutumika mwaka wa 1983 na ambayo bado inazungumzwa hadi leo. MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: piga noti hii, kwa nguvu hii, sasa hivi. Kasi yake ni biti 31,250 kwa sekunde. Agizo la noti moja ni baiti tatu, nalo hufika kwa takriban milisekunde moja. Sikio lako haliwezi kunusa kuchelewa huko.

Vipuri vyake ni vya kawaida, vya kuulizia katika maduka ya elektroniki kama yale ya Luthuli Avenue, Nairobi. Unahitaji bodi ya Arduino yenye chipu ya ATmega32U4, kama Leonardo au Pro Micro ya volti 5. Bodi hizi zina uzuri mmoja: laptopu huitambua moja kwa moja kama kifaa cha MIDI. Ongeza soketi mbili za pini tano aina ya DIN, resista tatu za ohm 220, moja ya ohm 470, daiodi ya 1N4148, na optokapula ya 6N138.

Hiyo optokapula ndiyo roho ya kazi. Ndani yake kuna taa ndogo na jicho la kuiona. Ujumbe kutoka kwa sampla unawasha taa, jicho linaona, bodi inapokea. Stima ya sampla na stima ya laptopu hazigusani kamwe. Bila hiyo unaweza kupata mvumo unaokera kwenye spika, na hitilafu ya mashine moja inaweza kuhamia nyingine.

Soketi ya kutoa ni rahisi. Pini ya 4 inaenda kwa volti 5 kupitia resista ya 220. Pini ya 5 inaenda kwa TX ya bodi kupitia resista ya 220. Pini ya 2 inaenda kwa GND.

Soketi ya kupokea inataka umakini. Pini ya 4 inapitia resista ya 220 hadi mguu wa 2 wa optokapula. Pini ya 5 inaenda mguu wa 3. Daiodi inakaa kati ya miguu hiyo miwili, upande wenye mstari ukielekea mguu wa 2. Mguu wa 8 ni volti 5, wa 5 ni GND, na wa 6 unaenda kwa RX. Resista ya 470 inaunganisha mguu huo wa 6 na volti 5. Pini ya 2 ya soketi hii iache bila waya.

Kosa linalowanasa wengi: pini za soketi zimehesabiwa ukiitazama mbele, lakini wewe unalehemu kwa nyuma, ambako kila kitu kimegeuka. Ziandike namba kwa kalamu kabla hujashika chuma cha kulehemu. Na kabla ya kulehemu, panga vyote kwenye bodi ya majaribio.

Kwenye programu ya Arduino tumia maktaba ya MIDIUSB, na uweke kasi ya Serial1 kuwa 31250. Halafu jaribu bila sampla kwanza: chukua waya wa MIDI, unganisha soketi ya kutoa na ya kupokea za kisanduku chako. Tuma noti kutoka kwa laptopu. Ikirudi ile ile, uko poa. Ukifika kwa sampla, waya unavuka: OUT ya kisanduku kwenda IN ya sampla, na OUT ya sampla kwenda IN ya kisanduku.

Je, naweza kupitisha sauti zenyewe humo? Ndiyo, kuna utaratibu wa kutuma sampuli kupitia ujumbe wa SysEx, na ni lazima programu yako iwe inapitisha ujumbe huo mrefu. Kebo nyingi za bei rahisi za USB hadi MIDI huushindwa. Noti zinapita sawa, sampuli zinafika zimekatwa. Lakini piga hesabu. Sekunde moja ya sauti ya biti 16 kwa kasi ya 44,100 ina baiti zaidi ya 132,000 ikishafungashwa, na MIDI hupitisha baiti 3,125 kwa sekunde. Hiyo ni kama sekunde 45 za kungoja. Kwa mpigo mmoja wa ngoma, sawa. Kwa kasha zima la flopi, utakesha.

Flash mahali pa flopi

Ndiyo maana wengi huongeza mlango wa pili. Gotek ni kifaa kinachokaa palepale flopi ilipokuwa inaingia, kinatumia waya ule ule wa pini 34, lakini unachomeka flash ya USB. Sampla haijui tofauti. Inadhani bado inasoma flopi, na flash moja inabeba nakala zako zote.

Gotek ikitoka dukani haimwelewi Akai, hivyo unaibadilishia programu ya ndani na kuiwekea FlashFloppy, ambayo pia ni kazi ya Keir Fraser na ni ya bure. Kwenye flash unaweka faili ya FF.CFG yenye mstari mmoja wa maana: host = akai. Ile kazi ya uokoaji uliyofanya mwanzoni inakulipa hapa, kwa kuwa nakala zile zile sasa zinacheza ndani ya mashine. Kisomeo cha zamani usikitupe. Kifunge vizuri ukihifadhi.

Kama mashine yako ni ya baadaye kidogo, mfano S3000XL au MPC2000XL, ina tundu la SCSI, ambalo zamani lilikuwa la diski kubwa za nje. Hapo kuna BlueSCSI, mradi ulio wazi ambao toleo lake la pili linatumia bodi ya Raspberry Pi Pico na kadi ya SD. Sheria ni mbili. Kila kifaa kwenye mnyororo kiwe na namba yake kati ya 0 na 7, na usichomeke wala kuchomoa waya mashine ikiwa imewaka.

Sasa kazi ni kwako

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hakuna anayekukataza kupenda laptopu yako. Ila kumbuka kuwa miaka thelathini ijayo kuna kijana atakayeshika kifaa chako cha leo akitafuta tundu la kuchomeka, na atakuwa anategemea mtu aliyejali kuweka nakala na kuacha mchoro wa waya.

Basi mchoro wako uchore kwenye karatasi, uubandike ndani ya kisanduku ulichotengeneza. Ukifaulu, mwonyeshe mwenzako mtaani jinsi ya kuutengeneza wake.

Halafu, mkono ukishazoea, itoe ile flopi iliyoandikwa "Sauti ya shosho". Kagua kama ina ukungu. Sogeza kibati. Isome mara moja, polepole, uweke nakala mbili. Kabla hujaikatakata kuwa biti, mpigie binamu simu aje muisikilize pamoja.