Mnada usio na mnadi: kuweka dau katika World of Warcraft

Neno «mnada» linatokana na «kunadi», kitenzi chenye asili ya Kiarabu: kuita kwa sauti. Mnadi hutaja bei, wanunuzi huipandisha, na kila mmoja humtazama mwenzake usoni. Katika World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni uliotoka mwaka 2004, mnada upo lakini sauti haipo. Kuhusu muda uliobaki, mnunuzi hupewa neno tu: mfupi, wa kati, mrefu au mrefu sana. Dakika hazitajwi. Kama mwanafunzi wa isimu, naona kwamba mbinu ya kununua huanzia katika maana ya neno hilo.

«Mfupi» ni chini ya dakika 30. Anayeweka dau wakati muda ungali «mrefu sana» anapandisha bei mapema, na dhahabu yake inashikiliwa mpaka mwingine ampite au mnada ufungwe. Ndiyo maana mimi hungoja neno «mfupi». Kungoja nako kuna hatari: kama muuzaji ameweka pia bei ya kununua papo hapo, yeyote anaweza kuilipa na kuondoka na kitu.

Mwaka 1961, William Vickrey alichambua mnada ambamo mshindi hulipa dau la pili kwa ukubwa. Humo unaweza kutaja thamani yako yote bila hofu. Katika mchezo huu sivyo: unalipa ulichoandika. Basi kikomo kibaki kichwani, na dau liwe dogo kadiri soko linavyokubali.

Anayenunua ili auze tena akumbuke kwamba soko hukata asilimia 5. Ukinunua kwa dhahabu 100 na kuuza kwa 105, unapokea 99,75. Bei imepanda, lakini umepata hasara.

Mbinu hizi zinafaa kwa silaha na mavazi. Tangu mwaka 2020, katika toleo la kisasa, mimea na madini huuzwa kwa bei iliyowekwa, bila dau.

Kwetu, ambako umeme hukatika bila kuaga, kukesha mbele ya mnada ni anasa. Bei ya papo hapo ikiwa chini ya kikomo chako, lipa. Ikizidi, weka dau mara tu neno «mfupi» linapotokea, kisha urudi kwenye masomo.