Pumzi ya Dereva katika Njia ya Bisie

Redio iliyo mezani kwenu, wasomaji wapenzi, na simu mnayoichukua mfukoni, ndani yake mna vyuma vidogo vilivyoshikamanishwa kwa bati iliyoyeyushwa. Sehemu ya bati hiyo yatoka katika mlima mmoja wa mwitu wa Walikale, uitwao Bisie. Mwaka wa 2024 machimbo ya Bisie yalitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, na yote ilitoka mwituni kwa malori. Juu ya hao wayaendeshao malori hayo twataka kuzungumza nanyi juma hili, na hasa juu ya jambo ambalo wao wenyewe hawalitaji sana, kwa sababu hawalihesabu kuwa jambo: ile hewa waivutayo.

Zamani hapakuwa na lori mlimani. Tangu mwaka wa 2002, wachimbaji wa mkono walipoanza kuvunja mawe ya kasiteriti, mzigo ulitoka mwituni juu ya migongo ya watu. Kijana alichukua kilo 50, akapita njia ya matope na mizizi, zaidi ya kilomita 40, mpaka Njingala penye barabara kubwa. Toka pale mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege zilishuka juu ya barabara yenyewe ya lami, zikapakia, zikaruka kwenda Goma. Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji, na marufuku hiyo ikadumu hata Machi 2011. Baadaye kampuni ya Alphamin ilikata barabara mpaka mlimani, na tangu 2019 mashine ndizo zichimbazo. Hata hivyo vita haikusahau njia: Machi 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mji wa Walikale, kazi ilisimama, ikaanza tena mwezi uliofuata.

Sasa tazameni ramani, enyi wanafunzi. Bandari ziko mashariki, katika Bahari ya Hindi, lakini lori la Bisie huanza safari kwa kuipa bahari mgongo. Huelekea Lubutu na Kisangani. Ndipo ligeukapo, likapita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda, mpaka Bunia na Mahagi, na kuingia Uganda. Toka Kisangani hata Bunia peke yake ni zaidi ya kilomita 600, na sehemu kubwa ni udongo mtupu.

Yule mchukuzi wa zamani kila mtu alimhurumia, kwa maana taabu yake ilionekana: jasho, magoti yaliyovimba, alama ya kamba kipajini. Dereva hahurumiwi. Yeye ameketi. Ana usukani, ana fedha kidogo, ameona miji mingi, na watoto wa shule wakiulizwa wataka kazi gani, wengi hutaja hiyo. Nasi hatuwalaumu. Lakini mchukuzi, pamoja na mateso yake yote, alivuta hewa safi ya mwitu. Dereva havuti hiyo.

Yatupasa kueleza jinsi lori lenyewe livutavyo pumzi. Injini ya dizeli yahitaji hewa nyingi ili kuchoma mafuta, na hewa hiyo hupita kwanza katika chujio. Fundi ajua kwamba vumbi likiingia ndani, injini hulika na kufa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mwenye lori, hata akiwa bahili wa namna gani, hununua chujio jipya. Injini ni mali. Basi futi chache tu kutoka chujio lile ameketi mtu mwenye mapafu mawili, avutaye hewa ile ile, vumbi lile lile, saa kumi kwa siku au zaidi. Nani amemnunulia yeye chujio?

Mtu atauliza: katika mwitu ule wa mvua, vumbi latoka wapi? Kweli, miezi mingi adui ni matope. Lakini matope nayo huleta madhara yake. Lori lenye mzigo mzito likizama, dereva hukanyaga mafuta kwa nguvu, injini hulia, magurudumu huzunguka mahali pamoja, na bomba hutoa moshi mweusi kama wa tanuru. Moshi mweusi maana yake mafuta hayakuchomeka sawasawa. Nyuma yake malori mengine yamejipanga yakingoja zamu, pengine siku nzima, na wengine hawazimi injini wakiogopa kwamba haitawaka tena. Pale katikati ya miti mirefu upepo ni haba, na moshi wakawia kuondoka. Kisha mvua ikikoma kwa muda, barabara hukauka, magurudumu husaga udongo kuwa unga mwekundu, na lori la mbele humlisha yule wa nyuma. Joto ni kali, dirisha li wazi. Vumbi hilo huziba chujio la injini; injini iliyozibwa hukosa hewa na kutoa moshi zaidi. Hivyo vumbi huzaa moshi.

Mungu alituumba na pua yenye vinyweleo na ute, navyo vyazuia chembe kubwa. Ndiyo sababu dereva akipenga kamasi jioni huiona nyekundu au nyeusi. Hiyo si ya kuogopwa sana. Ni ile iliyokamatwa. Ya kuogopwa ni ile isiyoonekana. Katika moshi wa dizeli mna chembe ambazo unene wake haufiki sehemu mbili na nusu za elfu moja za milimita. Unywele mmoja wa kichwa wazipita mara ishirini au zaidi. Chembe hizo hazizuiwi na pua wala koo. Hushuka mpaka vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huweza kuingia katika damu, zikadhuru moyo na mishipa.

Wala haya si maneno ya kutisha watu. Mwaka wa 1988 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani, ambao makao yao ni Lyon katika Ufaransa, walisema kwamba moshi wa dizeli labda huleta kansa. Mwezi wa Juni 2012 waliondoa neno “labda”: wakautia katika daraja ya kwanza, pamoja na moshi wa tumbako. Miaka minne kabla yake, mwaka wa 2008, wataalamu wa Marekani walikuwa wametangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi 31,135 wa makampuni ya malori. Wakaona kwamba kadiri mtu alivyozidi miaka katika kazi hiyo ndivyo hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu ilivyozidi. Na hao walisafiri katika barabara za lami.

Mafuta nayo si ya namna moja. Tangu Januari 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilipatana kwamba dizeli isizidi sehemu 50 za kiberiti katika kila milioni, kwa maana kiberiti kingi huongeza uchafu wa moshi. Ni sheria njema. Lakini dereva anunuaye mafuta ya madebe kando ya njia, pengine yamechanganywa na mafuta ya taa, hana karatasi ya kumwonyesha anunua nini. Hujua bombani, akiona rangi ya moshi.

Turudi nyumbani, kwa maana magazeti huandika juu ya bati na bei yake, wala hayaandiki juu ya mke wa dereva. Mume amerudi baada ya majuma matatu. Akohoa usiku, kifua chabana, apanda kilima cha kanisa akisimama mara mbili. Jirani asema ni baridi ya njiani. Mwingine anong'ona kwamba mwenzake wa kazini amemwonea wivu wa gari jipya, akamloga. Na fedha za ada ya shule zaenda kwa mpiga ramli. Enyi wake wa madereva, msikubali. Kikohozi kipitacho majuma mawili chapasa kupelekwa kwa mganga wa hospitali, apime makohozi, kwa sababu huenda ni kifua kikuu, nacho chaponyeka kwa dawa. Na mumeo akiulizwa habari zake, aseme wazi kazi yake na miaka yake barabarani. Mara nyingi mganga hupewa habari za homa na chakula, wala hapewi habari za moshi, hivyo hutibu asichokijua. Tena, mtu aliyetoka katika moshi wa lori asikalishwe jioni katika moshi wa kuni jikoni. Mwekeeni kiti nje, na watoto wakae pamoja naye.

Kuna hewa nyingine yenye hatari kuliko zote, nayo haina rangi wala harufu. Usiku wa milima ya Masisi ni baridi, na kwa sababu hiyo dereva na utingo wake huona vema kulala huku injini inaunguruma, madirisha yamefungwa, au kuingiza jiko la makaa katika chumba cha usukani. Makaa yawakapo mahali pasipo hewa hutoa sumu ambayo humshika mtu usingizini. Hasikii kuumwa, huzidi kulala tu. Asubuhi haamki. Jiko likae nje daima, hata mvua ikinyesha.

Mwenye lori naye ana sehemu yake. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, aliweka miongoni mwa haki za mfanyakazi haki ya kufanya kazi mahali pasipodhuru afya yake. Na Papa Fransisko, mwaka 2015, alionya kwamba hewa chafu huwadhuru hasa maskini. Kwa lori haki hiyo si kitu kikubwa. Ni vioo vinavyofungika, bomba lisilotoboka chini ya kiti, injini iliyotengenezwa, na barakoa nzito za namna ya N95, tulizozizoea wakati wa ugonjwa wa korona. Kitambaa kilichofungwa usoni chazuia udongo, lakini zile chembe ndogo hupita kana kwamba hakipo. Madereva wengi hutundika medali ya Mtakatifu Kristoforo mbele ya usukani, nayo ni desturi njema. Mtakatifu atuombea, bali kufuta vumbi ni kazi yetu.

Wala tusiwasahau walio kando. Katika Njingala na Mubi mama huuza ndizi na mihogo hatua mbili kutoka bomba la moshi, mtoto mgongoni. Dereva akisimama kununua na azime injini. Mama naye asogeze meza yake nyuma kidogo, kwa kuwa moshi hupungua kila hatua umbali unapoongezeka. Mwenye njaa atamfuata huko huko.

Twamaliza kwa utingo, kwa sababu yeye ni kijana na hana wa kumsemea. Kila jioni hulitoa chujio la injini, akalipiga juu ya gurudumu ili vumbi litoke, uso wake ukiwa ndani ya wingu. Vumbi lote la siku hiyo, ambalo injini iliepushwa nalo, hulivuta yeye kwa dakika tano. Ajifunge barakoa, kisha asimame upande utokako upepo, umpige mgongoni, na vumbi litakwenda mwituni.