Kabla ya Kununua Simu, Piga Hesabu

Mkulima, ukiisha kuuza mahindi, weka kwanza fedha za mbegu na mbolea, ndipo ufikiri habari za simu. Uliza bei katika maduka matatu. Ukiambiwa ulipe pole pole, piga hesabu: Sh. 50 kila siku kwa mwaka mzima ni Sh. 18,250, na arubuni haimo. Linganisha na bei ya taslimu.

Kisha bonyeza *#06#. Nambari ya tarakimu 15 itakayotokea sharti iwe sawa na ile ya sandukuni. Simu ya laini mbili huwa na nambari mbili. Kumbuka ya kwamba mwaka 2012 simu bandia zilizimwa Kenya, na wenyewe wakapata hasara. Mwisho, dai risiti na hati ya dhamana. Rahisi ni ghali.