Sura ya 7: Programu ya Ofisi ya Wakala

Ofisi ya wakala wa bima katika mji wa mpakani kama Sirari kwa kawaida ni chumba kimoja chenye meza, printa na kompyuta mpakato. Wateja wake, hata hivyo, hawafanani hata kidogo. Bodaboda anataka bima ndogo asisumbuliwe na trafiki. Lori linalovukia Isebania linahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania imeendelea nayo ingawa ilijitoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000. Upande wa Nyamongo kuna magari ya wakandarasi wa mgodi wa North Mara. Mugumu kuna magari ya kubeba watalii kwenda Hifadhi ya Serengeti, na wenyewe hukata bima kubwa. Siku moja anakuja mtu kuuza programu ya kuendesha ofisi nzima. Je, inunuliwe?

Kwanza tuondoe dhana moja. Programu ya wakala siyo inayozaa bima. Bima hutolewa kwenye mfumo wa kampuni ya bima, taarifa zikaingia TIRA-MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na stika ya kielektroniki ikapata namba yake. Ndiyo maana askari barabarani anaweza kuhakiki kwa namba ya gari bila kukodolea macho karatasi ya kiooni. Muuzaji akisema programu yake “inatoa stika”, muulize inapitia mfumo wa kampuni ipi, kisha uipigie kampuni hiyo mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, majina makubwa ya Marekani kama Applied Epic, AMS360 na HawkSoft hayatufai sana huku. Si kwamba ni mabovu. Yamejengwa juu ya fomu sanifu za bima za huko, ziitwazo ACORD, na njia za kupokea taarifa kutoka kampuni za bima za kwao, na TIRA-MIS hayaifahamu. Utalipa kwa dola, kisha uandike kila kitu kwa mkono vilevile.

Kinachobaki kuwa cha wakala ni kumbukumbu: mteja ni nani, chombo gani, bima inaisha lini, kamisheni imeingia au bado. Hapo ndipo programu ipimwe, na Tarime, wilaya ilimo Sirari, ina kipimo chake kikali. Andika “Chacha Marwa” kwenye sehemu ya kutafuta. Kwa Wakurya, Chacha, Marwa, Mwita, Bhoke na Ghati ni majina yanayorudi nyumba kwa nyumba. Mwita Chacha na Chacha Mwita wanaweza kuwa baba na mwana, au watu wasiojuana kabisa. Programu inayomtambua mteja kwa jina itawachanganya ndani ya mwezi mmoja. Inayofaa hutafuta kwa namba ya chombo, namba ya simu au namba ya NIDA, na haikubali namba moja ya pikipiki iingizwe mara mbili.

Hata hivyo, pikipiki nazo huhama. Bodaboda huiuza kwa mwenzake leo, kadi ikabaki na jina la mwenye zamani kwa miezi. Kwa hiyo rekodi ya chombo na rekodi ya mtu ziwe mbili, zinazoweza kuunganishwa na kutenganishwa bila kufuta historia. Likitokea dai, swali la kwanza litakuwa nani alikuwa mmiliki siku ya ajali.

Kisha tarehe. Bima ndogo ya mwaka mmoja huisha kimyakimya, na mteja humkumbuka wakala aliyemkumbuka yeye. Programu itume ujumbe wa simu kwa Kiswahili, wiki chache kabla na tena siku chache kabla, halafu ikuonyeshe nani hajalipa ili umpigie. Mimi ningelipia kazi hii moja kabla ya michoro yote ya rangi ambayo wauzaji hupenda kuionyesha.

Fedha nazo zina utata mdogo unaokula watu. Mteja wa bima ndogo ya gari la binafsi anayelipa shilingi 118,000 ametoa ada 100,000 na VAT 18,000, na kamisheni hukokotolewa kwenye ada peke yake. Programu isiyotenganisha hivyo itakuahidi kamisheni ambayo kampuni haitakulipa.

Nakala za NIDA na kadi za magari zilizojaa kwenye WhatsApp ya karani ni suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Uliza seva iko wapi, nani anaweza kuzifungua, na karani akiacha kazi anafungiwaje.

Umeme ukikatika au bando likiisha, kazi iweze kuendelea kwenye simu na kuoanishwa baadaye.

Kwa wakala mwenye wateja mia mbili wa bima ndogo, jedwali la Excel lenye nakala ya akiba linatosha, muuzaji aseme anavyosema. Aliyevuka hapo achukue rekodi za mwezi mmoja, aondoe majina halisi, amwombe muuzaji aziingize mbele yake, abadilishe mmiliki wa pikipiki moja, kisha azitoe zote kwenye jedwali. Akiambiwa kuzitoa ni kazi ya mafundi na ina malipo yake, aombe bei hiyo kwa maandishi kabla ya kusaini.