Suruali Moja, Kiingereza Chasema Nyingi

Kwa Kiswahili, fundi akishona suruali moja, ni moja: suruali hii imechanika, nirudishie suruali yangu. Kiingereza huitaka iwe nyingi. Vazi hilohilo ni “trousers”, na kila neno linaloandamana nalo sharti lifuate wingi: “my trousers are torn”, si “my trouser is torn”. Kosa hili limezagaa katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba suruali ina miguu miwili. Haitoshi. Shati lina mikono miwili na bado ni “a shirt”. Bikini ndiyo kichekesho zaidi: vipande viwili vilivyoachana kabisa, vazi lililopewa jina hilo Paris mwaka 1946 na Louis Réard, na Kiingereza husema “a bikini” bila wasiwasi. Kwa hiyo wingi wa suruali hautokani na hesabu ya vipande. Unatokana na umbo.

Wapo wanaokimbilia historia. Ni kweli kwamba katika Ulaya ya zama za kati wanaume walivaa miguu ya kitambaa iliyotengana, kila mmoja ukifungwa juu kwa kamba. Lakini hilo halielezi “shorts”, vazi lililokuja miguu ikiwa imeshaunganishwa zamani. Ushahidi bora umo katika maneno ambayo Kiingereza kiliazima. Asili ya “trousers” ni neno la Kigaeli, triubhas, ambalo kwa wenyewe ni umoja. Pajama ilianzia Uajemi, ambako pay ni mguu na jama ni vazi, ikapita India ikiwa bado vazi moja. Waingereza walipoipokea waliipachika s wakaandika “pyjamas”, na Wamarekani wakachagua “pajamas”. “Jean” lilikuwa jina la kitambaa, tena bila s. Kiliposhonwa kuwa suruali, s ikaingia. Ukiongeza “scissors” kwa mkasi na “glasses” kwa miwani, mtindo unajitokeza: kitu kizima chenye pande mbili zinazofanana, zilizoungana mahali pamoja, Kiingereza hukitia katika wingi. Shati lina kiwiliwili chake, mikono ni nyongeza tu. Suruali ukiikata miguu, kinachobaki ni kiuno. Sidiria, “a bra”, imegoma kuingia katika mtindo huu, nami sioni haja ya kuisukuma.

Msomaji mkali atauliza: mbona wafanyabiashara wa mitindo, Waingereza wenyewe, husema “a slim trouser”? Husema, ila wanazungumzia aina ya bidhaa, si suruali iliyo mwilini mwa mtu. Hiyo s hudondoka pia neno linapotangulia jingine, kama katika “trouser pocket”. Umoja upo, basi, lakini haufanyi kazi ya kuhesabu. Kazi hiyo hufanywa na “pair”. Suruali mbili ni “two pairs of trousers”, na hapo pana mtego: “these trousers are torn”, lakini “this pair is torn”, nayo ni suruali ileile. “Pants” hufuata sarufi hiyohiyo, ingawa Marekani ni suruali na Uingereza ni chupi, tofauti ambayo mgeni afadhali aijue mapema.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba haya yote ni mapambo, kwa kuwa anayesema “my trouser” anaeleweka. Kwa suruali nakubali, anaeleweka, ingawa msahihishaji wa mtihani hatamhurumia. Kwa “clothes” sikubali. Neno hilo halina umoja katika Kiingereza cha leo, na anayeipunguza s ili apate nguo moja huangukia “a cloth”, yaani kitambaa, mara nyingi cha kufutia meza. Aliyenunua gauni la harusi akaandika “I bought a cloth” ameeleweka vizuri kabisa, lakini kuwa amenunua kitu kingine. Alichohitaji ni “a garment” au “a piece of clothing”. Na vitambaa vyake vikiwa vingi ni “cloths”, bila e.