Wagonjwa Walioingia Maabara
Katika kitabu chake Impure Science cha mwaka 1996, mwanasosholojia Mmarekani Steven Epstein alichunguza jinsi wanaharakati wa UKIMWI, hasa wa kundi la ACT UP lililoanzishwa New York mwaka 1987, walivyojifunza elimu ya virusi na kinga ya mwili hadi wakaweza kujadiliana na watafiti. Katika majaribio ya dawa, walipinga wagonjwa mahututi kupewa plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani yake, na dai hilo lilikuwa la haki. Hata hivyo, kadiri baadhi yao walivyobobea ndivyo walivyotengana na wenzao wa mitaani, mpaka mwaka 1992 wajumbe wa kamati ya matibabu ya ACT UP wakajitoa na kuunda kundi lao, Treatment Action Group.