Mnofu wa Sangara Hukaguliwa Kuanzia Mwaloni

Sanduku la minofu ya sangara likishushwa kwenye ndege Ulaya, haliendi sokoni moja kwa moja. Mkaguzi huanza na karatasi: cheti cha afya kutoka nchi ya asili, chenye namba ya kiwanda, ambayo huilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye sanduku. Ikibidi hulifungua, akachoma kipimajoto katikati ya mnofu, kwani samaki mbichi anatakiwa awe karibu na ubaridi wa barafu inayoyeyuka. Hunusa. Hubonyeza nyama kwa kidole aone kama inarudi. Mizigo mingine hutolewa sampuli za maabara.

Lakini bakteria wa salmonela hawana harufu, na mnofu ulio nao unaweza kupendeza macho. Majibu ya maabara nayo huchukua siku, wakati samaki mbichi anazidi kuharibika. Kwa hiyo usalama wa mzigo ule huamuliwa mapema zaidi: maji yaliyomwosha samaki, barafu iliyokuwa mtumbwini, mikono ya waliompakua.

Kanda ya Ziwa Victoria inalijua hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuzuia chakula si njia inayofaa kudhibiti ugonjwa huo. Mwaka 1999 likaja zuio jingine, safari hii kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia.

Naona hofu ya sumu ilikuwa na msingi, ila zuio la kipindupindu lilimkinga asiye hatarini sana. Vimelea vyake hufa samaki akipikwa vizuri. Aliyekuwa hatarini ni mkazi wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, anayekunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha.

Baadaye mialo kadhaa ilijengewa sakafu ya saruji, vyoo na maji safi, na maabara ya Nyegezi, Mwanza, ikawa inapima samaki wa kusafirishwa. Kazi nzuri. Ila cheti husainiwa kwa ajili ya mnofu. Mapanki, yaani vichwa na migongo inayobaki kiwandani, huliwa hapa hapa, na ningetaka bwana afya ayafuatilie hadi kwenye karai la mama muuzaji kwa ukali ule ule unaofuatiliwa nao mnofu.